Shemeji anataka mama afiche dawa anazotumia ili apokelewe kwenye utafiti

Shikamoo Shangazi.

Naishi Pasua hapa Moshi, nauza ndizi soko la Mbuyuni. Mume wangu ni seremala na tuna watoto wawili. Tangu baba afariki, mama yangu mzazi ametoka Rombo na anaishi na sisi. Ana miaka 67. Ana kisukari na presha, na magoti yamemchosha kiasi kwamba hata ngazi mbili za mlangoni anapanda akishika ukuta.

Kliniki anahudhuria hospitali ya serikali. Siku nyingine dawa anazipata, siku nyingine anaambiwa zimeisha, akanunue nje. Nikinunua, mtaji wa ndizi unakatika. Nisiponunua, mama anaamka usiku mara sita kwenda kukojoa na asubuhi hana nguvu hata ya kumenya viazi.

Jirani yetu, baba mmoja mtu mzima, alitueleza habari za kituo cha utafiti wa tiba. Yeye alikuwa huko karibu miaka miwili. Alipimwa, alipewa dawa, nauli alirudishiwa, na muuguzi alikuwa akimpigia simu kumkumbusha siku yake. Vyote bure. Tukampeleka mama. Walitupokea vizuri, sisemi uongo. Walimuuliza maswali mengi, wakachukua damu na mkojo, wakatuambia turudi baada ya wiki. Tuliporudi, kijana mmoja akasema, "Mama, samahani, figo zako hazikidhi vigezo." Akatupa nauli, basi. Kwenye daladala mama alilia mpaka tunashuka. Alisema, "Hata wa bure wamenikataa."

Sasa wamepiga tena. Kuna utafiti mwingine wa watu wazima wenye presha, aende Jumatano wamwangalie kama anafaa. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anasema safari hii tusifanye mchezo. Mama akiulizwa kama anatumia dawa nyingine aseme hapana. Asitaje vidonge vya magoti anavyonunua duka la dawa kila wiki, asitaje mizizi anayoletewa na mama mdogo kutoka Rombo, na habari za figo asizifungue kabisa. Anasema kituo kipo kwenye ardhi yetu, kwa hiyo kutibiwa bure ni haki yetu na wao ndio wanaotubania.

Mume wangu amenyamaza. Mama mwenyewe anaogopa. Kina mama wa jumuiya wamemwambia pale wanachukua damu wakauze, na wakishamaliza na wewe wanakutupa. Ni kweli jirani yetu utafiti wake ulifungwa, leo anajinunulia dawa mwenyewe.

Shangazi, nimpeleke? Ninyamaze kuhusu zile dawa? Na shemeji nimjibu nini? Ametusaidia sana kwa matibabu ya mama, sitaki aone namdharau.

Mama Wawili, Pasua

*

Marahaba mwanangu. Msalimie sana mama, na mwambie barua yake nimeisoma mara tatu. Jina la kituo nimeliondoa.

Tuache kidogo habari ya Jumatano na ya shemeji. Kuna sentensi moja kwenye barua yako ambayo wewe uliisikia kama mlango unafungwa, mimi nimeisikia kama majibu ya maabara: figo zako hazikidhi vigezo. Maana yake kuna mtu alipima damu ya mama, akaona figo zinalegea, akawarudisha nyumbani na nauli mkononi bila karatasi. Hilo limeniuma. Kisukari na presha vinakula figo polepole, bila maumivu, bila homa. Mtu anaweza kukaa miaka hajui. Mama amejua mapema kwa bahati, na bahati hiyo msiiache ipotee.

Kwa hiyo kesho au keshokutwa piga ile namba waliyokupigia. Sema: "Naomba majibu ya vipimo vya mama yangu yaandikwe, kipimo cha figo na cha mkojo, niyapeleke kliniki anakotibiwa." Huombi hisani. Damu ni ya mama na majibu ni ya mama. Na mimi naamini kituo kinachomwambia mgonjwa "hukufaa" bila kumpa majibu na barua ya rufaa kimefanya nusu ya kazi, hata kama kila mtu pale alikuwa mpole.

Sasa vidonge vya magoti. Hukutaja jina, lakini vidonge vya maumivu ambavyo wazee wetu hununua duka la dawa kila wiki mara nyingi ni diklofenaki au ibuprofeni. Angalia pakiti leo hii. Kama ni hivyo, mama avisimamishe mpaka daktari amwone. Dawa hizi zinabana figo, zinapandisha presha, na zinapingana na baadhi ya vidonge vya presha anavyomeza asubuhi hiyo hiyo. Kwa mtu mwenye kisukari na figo zilizolegea, ni mzigo juu ya mzigo. Maumivu yakizidi, kwa sasa atumie parasetamo kwa kipimo kilichoandikwa. Lakini vya kisukari na presha asiache hata siku moja kwa uamuzi wake. Daktari akishaona majibu ya figo ndiye atakayepima upya. Kwa mfano metfomini, ambayo wengi wenye kisukari wanaitumia, hutolewa mwilini na figo. Figo zikidhoofika inajikusanya, na daktari huipunguza au huibadilisha.

Umeona lilipo jambo? Kile shemeji anachotaka kifichwe ndicho daktari anachohitaji kukijua kuliko vyote.

Nilikuwa muuguzi miaka mingi, zaidi wodi ya wazazi, na miaka yangu ya mwisho kazini nilikaa kwenye meza ya utafiti nikiuliza maswali hayo hayo mama aliyoulizwa. Siku moja alikuja mzee amevaa koti zito na joto lote lile. Nikamuuliza, "Baba, unatumia dawa yoyote?" Akasema hapana, hatumii kitu. Mke wake aliyekaa nyuma akaangalia sakafu. Mzee alipoinuka kwenda kupimwa uzito, koti likalia. Chakacha, chakacha. Nikamwomba kwa heshima, akatoa kopo la majani ya chai. Tukalimimina mezani: vidonge vyeupe vya duara, vya waridi, vya njano vilivyokatwa nusu, mizizi miwili imefungwa kwenye karatasi ya daftari, na pakiti ya diklofenaki imebaki vidonge vinne. Hakuingia kwenye ule utafiti. Alikasirika sana na akatoka bila kuaga. Mke wake alirudi kutoka getini, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, asiseme neno. Mpaka leo nikisikia vidonge vinalia ndani ya kopo namkumbuka yule mama.

Na ile mizizi ya Rombo nayo isemwe. Simwambii mama aitupe kwa sababu ni ya kienyeji. Naiogopa kwa sababu baadhi ya mitishamba hushusha sukari kweli, na ikikutana na kidonge sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mtu anatoka jasho, anatetemeka, anaanguka. Sasa weka dawa mpya ya utafiti juu yake, halafu daktari aliyeambiwa "situmii kitu" atajuaje kilichomwangusha? Bibi zetu walisema mficha uchi hazai. Mimi niliyepokea watoto naijua maana yake vizuri.

Nije kwenye haki. Shemeji ana ukweli ndani ya maneno yake, ila ameuelekeza mlango usio wake. Kituo cha utafiti si zahanati. Pale wanatafuta jibu la swali fulani, kwa mfano kama dawa mpya ya presha inafanya kazi kuliko ya zamani. Ili wapate jibu wanachagua watu kwa umri, ugonjwa, hali ya figo, na mengineyo. Mara nyingi washiriki wanagawanywa kama kwa kura. Huyu anapata dawa mpya, yule anapata ile iliyozoeleka, na wakati mwingine wapo wanaopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Daktari anayekuhudumia anaweza asijue wewe umeangukia wapi. Matibabu ya bure, vipimo na nauli vinaambatana na kazi hiyo kwa sababu mshiriki anatoa muda wake na mwili wake. Ni makubaliano ya pande mbili. Mama kukataliwa mara ya kwanza hakukupima thamani yake. Walihofia dawa yao ingemuumiza mtu mwenye figo kama zake.

Nayasema haya kwa heshima kubwa kwa utafiti wenyewe. Chanjo ya malaria iliyoidhinishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 ilijaribiwa kati ya 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi 7 za Afrika, na wetu wa Korogwe na Bagamoyo wakiwemo. Wazazi wale waliwabeba watoto wao wakijua kwamba huenda mtoto asipate chanjo ya malaria bali nyingine ya kulinganishia. Kila mtoto anayechanjwa leo ana deni kwao.

Lakini neno "bure" limewahi kutumika vibaya sana, na ndiyo sababu siku hizi unasainishwa fomu. Huko Alabama, Marekani, kuanzia 1932 mpaka 1972, wanaume weusi 600, wengi wao wakulima maskini, waliambiwa wanatibiwa "damu mbaya". Waliahidiwa vipimo vya bure, chakula siku ya kupimwa, na gharama za mazishi. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa. Penisilini ilipojulikana kuwa inaiponya, hawakupewa, ili watafiti waone ugonjwa unavyoendelea. Miaka 40! Kwa hiyo mama anapoogopa sitamwambia ana ushamba. Hofu ya mumiani haikuzaliwa hewani.

Ila hofu hiyo tuipe vipimo. Kichupa kimoja cha maabara kinaingia damu kama mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Anayechangia damu benki ya damu anatoa mililita 450 hivi na anarudi kazini. Mama ana haki ya kuuliza vichupa vingapi, mara ngapi, damu inapelekwa wapi na itatunzwa muda gani. Sampuli kupelekwa nje ya nchi kunahitaji kibali. Fomu nyingi zina sehemu yake ya kukubali au kukataa damu kuhifadhiwa kwa tafiti za baadaye, na anaweza kukataa hapo akakubali mengine.

Fomu ya ridhaa msiisaini siku hiyo hiyo. Iombeni mje nayo nyumbani. Kama mama anaelewa vizuri zaidi Kirombo, aombe aelezwe na anayekijua. Asiyejua kusoma anaweka dole gumba mbele ya shahidi ambaye si mfanyakazi wa kituo, na shahidi huyo anaweza kuwa wewe. Kwenye fomu pawe na namba ya mtafiti mkuu na namba ya kamati ya maadili. Utafiti wa afya hapa nchini lazima upitie kibali cha maadili, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ndiyo yenye kamati ya taifa. Kama ni majaribio ya dawa, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, nayo lazima iwe imetoa kibali. Waombeni wawaonyeshe. Wanaofanya kazi safi hawachukii swali hilo, nakuhakikishia. Na ulizeni habari ya bima: mama akidhurika na dawa yao, nani analipa?

Swali la jirani yenu ndilo ningeanza nalo: utafiti ukifungwa, mama anakwenda wapi? Liulizwe siku ya kwanza. Watampa barua ya kurudi kliniki yake? Dawa ikionekana imemsaidia, ataendelea kuipata kwa muda gani? Tamko la Helsinki, ambalo madaktari wa dunia walilipitisha 1964 na kulirekebisha mara kadhaa, linataka jambo hilo lipangwe kabla utafiti haujaanza. Jirani yenu pengine alielezwa kwa haraka kwenye ukurasa wa saba, au hakuelezwa. Mnaweza kujifunza kwake.

Haki anayoisema shemeji ipo, na ipo karibu zaidi. Sera yetu ya afya inatoa msamaha wa matibabu kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Mama ana 67. Kitambulisho cha matibabu cha wazee anacho? Naona kwenye barua hukukitaja. Kwa kuwa ametoka Rombo, huenda jina lake halipo kwenye orodha ya mtaa wenu. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na picha ndogo za mama na kitambulisho chake cha taifa au kadi ya mpiga kura, mwandikishe kama mkazi, uombe aingizwe kwenye orodha ya wazee wasio na uwezo. Hospitali kuna dirisha la wazee na kuna afisa ustawi wa jamii. Huyu wa pili watu wengi hawamjui, wanadhani ni wa kesi za ndoa.

Sitakudanganya kwamba kitambulisho kinaleta dawa isiyokuwepo stoo. Najua lile jibu la "kanunue nje", na najua linavyomkalia mtu aliyeuza mikungu mitatu tu tangu asubuhi. Ukiambiwa hivyo, usitoke getini na cheti mkononi. Rudi kwa daktari umuulize kama kuna dawa nyingine inayofanya kazi hiyo hiyo na ipo, kisha pita ustawi wa jamii. Mara nyingine inapatikana. Bunge lilipitisha pia Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na ndani yake umewekwa mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo. Hapo hapo kwa mwenyekiti uliza kaya yenu inaandikishwaje.

Shemeji usimjibu wewe. Mume wako ndiye aongee na kaka yake, na asiongee kwa kumkosoa, maana yule mtu anahangaika kwa upendo. Mwaka 2011 tuliona magari yamepangana kwenda Samunge kule Loliondo, watu wakifuata kikombe cha dawa ya mitishamba kwa shilingi 500, na ndani ya magari walikuwemo wasomi, viongozi na maskini pamoja. Ugonjwa usioisha unamfanya mtu yeyote apige hodi kila mlango. Mume wako aseme hivi: "Kaka, tumekuelewa na tunakushukuru. Lakini mama akizidiwa usiku, daktari atamtibu kwa maelezo tuliyotoa sisi. Tukidanganya, atakuwa anamtibu mtu ambaye hayupo." Akiongeza kwamba mnaenda kushughulikia kitambulisho cha mzee, na akamwomba kaka awasindikize kwa mwenyekiti, nadhani atakubali. Wanaume wanapenda kupewa kazi.

Jumatano aende? Mama ndiye wa kusema. Si shemeji, si wewe, wala si mimi. Muulizeni mkiwa wawili tu, jioni, watoto wamelala. Akisema hataki, piga simu uwaambie hatakuja. Hawezi kunyimwa kliniki yake ya kawaida kwa sababu hiyo. Akisema anataka, aende na kila kitu anachomeza kwenye mfuko mmoja, vidonge, mizizi, hata chupa ya dawa ya kikohozi, amimine mezani na kuanza na figo: "Mlinipima, mkaniambia hivi." Wakimkataa tena, asitoke bila karatasi.

Na pale kwenye daladala aliposema hata wa bure wamemkataa, kumbuka ni mjane aliyeacha kihamba chake Rombo akaja kulala chumba cha wajukuu. Mwambie kwamba figo zake zimeonekana mapema, na kwamba kuanzia sasa mnazitunza pamoja. Mwambie kwa maneno hayo hayo.

Ukipata karatasi, niandikie namba iliyoandikwa kwenye kipimo cha figo na alichosema daktari wa kliniki. Na jina la vile vidonge vya magoti, usisahau.